Taa ya Upepo wa Tairi ni Onyo la Mwisho, Si Kipimo

Miongoni mwa magari yanayopita Darajani kila siku, yamo yenye taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa kwa upana na alama ya mshangao katikati. Taa hiyo inapowaka na kubaki, maana yake ni kwamba tairi moja au zaidi limepungukiwa upepo. Wapo madereva walioizoea hata hawaijali tena, na wapo wanaoitegemea kiasi cha kuacha kupima matairi. Wote wamo hatarini.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi linapozunguka. Kujikunja huko huzalisha joto, na joto likizidi tairi huweza kupasuka gari likiwa mbioni. Aidha, petroli hutumika zaidi na kingo za tairi huliwa mapema.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2000 iliyofuatia vifo vilivyotokana na kuharibika kwa matairi ndiyo iliyofungua njia ya kulazimisha mtambo huu katika magari madogo mapya. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoingia Unguja, haikuweka sharti kama hilo. Kwa hiyo gari lisiloonesha taa huenda halina mtambo kabisa.

Mitambo hii ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ina sensa ndani ya kila tairi, ambayo hupima upepo na kupeleka taarifa kwa mawimbi ya redio. Betri ya sensa hudumu takriban miaka mitano hadi kumi, na kwa kawaida haibadilishwi peke yake. Hubadilishwa sensa nzima. Aina ya pili haina sensa ndani ya tairi. Hutumia vifaa vya breki kulinganisha kasi ya magurudumu, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kuliko mengine.

Katika magari mengi, taa ikimetameta kwa takriban dakika moja baada ya gari kuwashwa, kisha ikabaki imewaka, mtambo wenyewe una hitilafu. Kwa gari lenye umri mkubwa, sababu mara nyingi ni betri ya sensa iliyokwisha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kiwango cha onyo. Kwa kanuni ya Marekani, taa hulazimika kuwaka upepo unapopungua kwa asilimia 25. Tairi linalotakiwa kuwa na psi 32 linaweza kushuka hadi psi 24 kabla ya onyo kutolewa. Katikati ya viwango hivyo, tairi linaumia na dashibodi iko kimya.

Kwa sababu hiyo, mwenye gari anashauriwa kupima upepo kwa kipimo cha mkono angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva, na mara nyingi huwapo kiwango cha juu zaidi kwa gari lililojaa abiria na mizigo. Familia inayokwenda Makunduchi au Nungwi siku ya sikukuu haina budi kufuata kiwango hicho. Tairi lililopata moto lisipunguzwe upepo.

Fundi wa pancha aelezwe mapema kwamba tairi lina sensa, ili asiivunje anapolitoa kwenye rimu. Dawa ya maji ya kuziba pancha inaweza kuziba sensa. Vifuniko vya vali visikosekane, kwani hewa ya chumvi ya pwani huzila vali za chuma. Mwisho, mtambo wa aina ya pili huwekwa upya baada ya matairi yote kujazwa ipasavyo. Ukiwekwa upya matairi yakiwa yamepungua, utauchukua upungufu huo kuwa ndio hali ya kawaida.