GARI KUUKUU LINAWAKA HALAFU LINAZIMA: KOSA TULITAFUTE WAPI?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na saa za kazi. Safari hii tunazungumza juu ya gari. Msishangae. Chama kinatembea kwa gari, tena gari kuukuu, na gari likikwama, haki ya mfanyakazi nayo hukwama. Pia tunajua kwamba wengi wenu mmeunganisha fedha na kununua gari la zamani la kubebea matoke, matofali au abiria. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Kwanza tutoe hesabu. Pikapu ya chama ilitukwamisha siku ambayo tulikuwa na karatasi za wenzetu saba waliofukuzwa kazi katika shamba la chai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki miezi mitatu ya kupeleka malalamiko yake kwa Ofisa wa Kazi. Ukichelewa, unabaki kuomba huruma. Miezi mitatu ya wenzetu ilikuwa inaisha siku ile ile. Asubuhi, hapa Kampala, tuliwasha gari likawaka vizuri. Tulipoachia ufunguo likazima. Tukawasha tena, likawaka, likazima. Tulifanya hivyo mpaka betri ikachoka. Mwishowe wawili wetu walipanda bodaboda mpaka Mukono, karatasi zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Walifika ofisi haijafungwa, na malalamiko yakapokelewa.

Lakini habari ya gari haikuishia hapo. Fundi wa kwanza alisema ni kabureta, tukanunua kabureta. Gari likazima vile vile. Fundi wa pili alisema ni pampu ya petroli, tukanunua pampu. Likazima vile vile. Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Katwe, hakufungua kitu. Aliuliza swali moja tu: "Linazima wakati gani hasa?" Tulipomjibu, alichukua kipande cha waya, akajaribu kwa dakika mbili, akatuonyesha kosa. Kifaa kilichokufa kilikuwa kidogo kama kidole, na bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya fedha tulizokwisha kutoa. Fedha hizo zilikuwa michango yenu. Ndiyo sababu tunaandika somo hili, ili kosa letu liwe faida kwenu.

INJINI INATAKA NINI

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: petroli, hewa, na cheche ya moto inayokuja kwa wakati wake. Gari ambalo haliwaki kabisa linaweza kukosa chochote kati ya hivyo. Lakini gari linalowaka halafu likazima limekwisha kutuonyesha kwamba vitu vyote vitatu vilikuwapo, hata kama ni kwa muda mfupi. Basi swali letu si "nini kimekufa?" Swali letu ni "kitu gani kimeondoka, na kimeondoka saa ngapi?" Ukijua saa, umekaribia kujua kosa.

Tunazungumza hapa juu ya magari ya zamani yenye kabureta na pointi. Magari ya karibuni yana kompyuta. Hayo yana vipimo vyake, na majaribio ya waya tunayoyaeleza hapa chini yasifanywe kwayo kabisa.

1. LINAZIMA PALE PALE UNAPOACHIA UFUNGUO

Hili ndilo lililotupata. Koili ya magari mengi ya zamani haikutengenezwa kupokea volti zote 12 za betri muda wote. Wakati wa kuwasha, stata inakula umeme mwingi na nguvu ya betri inashuka. Kwa hiyo koili hupewa umeme moja kwa moja ili cheche iwe kali. Ukiachia ufunguo, njia hiyo inafungwa, na umeme unapita njia nyingine, kupitia rezista. Rezista mara nyingi ni kipande cheupe cha udongo mgumu kilichofungwa karibu na koili. Katika magari mengine ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Rezista ikikatika, injini inawaka ufunguo ukiwa umeshikwa, na inakufa ufunguo ukiachiwa.

Jaribio ni hili. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Chukua waya mzima uliofunikwa kwa mpira, unganisha upande wa chanya wa betri na upande wa chanya wa koili. Washa. Kama injini inaendelea kunguruma baada ya kuachia ufunguo, kosa liko katika njia ya umeme, si katika kabureta. Jueni kwamba waya huo ukiwapo ufunguo hauzimi gari. Mpaka uondoe waya. Tena usiuache kwa zaidi ya dakika moja au mbili, wala usiendeshe gari hivyo, maana koili itapata moto na pointi zitaungua.

Baadaye chukua taa ndogo ya kujaribia, fungua swichi bila kuwasha. Kama taa inawaka umeme unapoingia kwenye rezista na haiwaki unapotoka, rezista imekufa. Kama haiwaki hata unapoingia, rezista haina kosa: tazama swichi ya ufunguo, fyuzi na nyaya zilizolegea. Ukinunua rezista, nunua inayolingana na koili yako. Ziko koili zisizotaka rezista, na mara nyingi huandikwa hivyo ubavuni.

2. LINANGURUMA DAKIKA CHACHE, LINALEGEA, LINAZIMA

Hapa mshukuni petroli. Kabureta ina bakuli dogo linaloweka akiba ya petroli. Injini inakula akiba hiyo, ikiisha na nyingine haiji, inakufa. Ukingoja kidogo bakuli linajaa tena, na gari linawaka kama halikuwa na shida.

Anza na kitu kisicho na gharama: kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie mahali pake. Tundu la hewa likiziba kwa vumbi letu jekundu, pampu inavuta mpaka inashindwa. Gari likizima, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti, na gari likawaka baada ya hapo, umepata kosa lako.

Halafu tazama filta, mipira ya petroli iliyopasuka au iliyobanwa, na kutu ya tangi. Pampu ijaribiwe hivi: injini ikiwa imepoa, ondoa waya wa umeme wa koili ili cheche isitoke, toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, na mwenzako azungushe stata. Petroli iruke kwa nguvu, pigo baada ya pigo. Ikidondoka kama machozi, ni pampu au njia iliyoziba kabla yake. Nusa pia kijiti cha kupimia oili: kikinuka petroli, huenda mpira wa ndani wa pampu umepasuka.

Petroli ya kwenye chupa itazame vizuri. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini. Ukiona mstari chini ya chupa, safisha tangi na kabureta kabla ya kununua chochote.

3. LINAZIMA LIKISHAPATA MOTO

Gari linatoka Wandegeya vizuri, likifika kwenye msongamano wa Jinja Road saa nane mchana linazima. Likipoa nusu saa linawaka. Hapa makosa ni mawili, nayo hufanana sana.

La kwanza ni koili au kondensa inayokufa kwa joto. La pili ni petroli inayochemka ndani ya bomba na kuwa mvuke. Pampu inashindwa kusukuma mvuke. Kumbukeni kwamba Kampala iko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na petroli nayo huchemka upesi kuliko kule Mombasa.

Utatofautishaje? Usingoje gari lipoe. Mara tu linapozima, kwanza hakikisha hakuna petroli inayovuja. Toa waya wa plagi moja, uutie plagi ya akiba, plagi iguse chuma cha injini mbali na kabureta, ushike kwa koleo lenye mpira, na mwenzako azungushe stata. Hakuna cheche, au ni nyekundu dhaifu: tafuta koili, kondensa na pointi. Cheche ni kali ya buluu: tafuta petroli. Kwa mvuke, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba, kisha lihamishe bomba mbali na bomba la moshi. Pointi zipimwe pia. Kwa magari mengi nafasi yake ni kama milimita 0.4 hadi 0.5, lakini fuata kitabu cha gari lako.

4. LINAZIMA UKIONDOA MGUU KWENYE AKSELERETA

Barabarani linakwenda, kwenye taa linazima. Kabureta ina njia ndogo ya petroli kwa ajili ya gari lililosimama, na takataka ndogo tu huiziba. Kabureta nyingine zina vali ndogo ya umeme yenye waya mmoja. Waya huo ukichomoka, gari haliwezi kunguruma likiwa limesimama. Tazama waya kwanza. Halafu tazama hewa ya wizi: mpira uliopasuka, au gasketi iliyokufa chini ya kabureta. Vuta choki kidogo injini ikiwa na moto. Ikitulia, inapata hewa nyingi kuliko petroli.

USALAMA KWANZA

Msivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu na kazi hii, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Msimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mtu anawasha. Moto unaweza kuruka usoni. Msiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kimya kimya. Mfanyakazi aliyeungua si faida kwa chama wala kwa watoto wake.

MWISHO

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka 15, isipokuwa baadhi ya magari ya kazi maalumu. Lakini magari ya zamani yaliyomo nchini bado yanatubeba, na sisi ndio tunaoyalipia. Basi tushike mambo manne. Mwambie fundi gari linazima lini, kabla hajashika spana. Mwombe akuonyeshe kosa kabla hujanunua kipuri. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwa kingine. Na kila kipuri cha zamani kirudi mkononi mwako, kiandikwe kwenye daftari pamoja na bei.

Sisi tumekwisha kuanza daftari hilo. Liko ofisini, na mwanachama yeyote anaweza kuja kulisoma. Kabureta na pampu za zamani, ambazo hazikuwa na kosa, tumeziweka kabatini kama akiba. Rezista ya pili iko ndani ya pikapu, imefungwa kwa karatasi, tayari kwa safari ya Mukono.