Alama tupu yenye uzito katika programu za kompyuta

MATATU ipitayo Otonglo, katika barabara kuu ya Kisumu kuelekea Busia, hutambulika kwa mstari wake wa manjano. Mstari huo, uliolazimishwa na kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, mnamo Februari 2004, hauongezi kasi wala viti. Humjulisha tu afisa wa trafiki kwamba gari hilo ni la abiria, hivyo sheria za magari ya abiria zinalihusu.

Waandishi wa programu za kompyuta nao wana alama ya namna hiyo, iitwayo kiolesura-alama.

Kwa kawaida, kiolesura ni mkataba. Klasi inayoutia sahihi huahidi kutekeleza kazi zilizoorodheshwa ndani yake. Kiolesura-alama ni mkataba mtupu, usio na hata kazi moja. Hata hivyo, klasi inayoukubali huwa imejitambulisha.

Mfano maarufu ni Serializable, uliomo katika lugha ya Java tangu 1997. Chukua programu ya chama cha akiba na mikopo. Ili akaunti ya mwanachama igeuzwe kuwa mfululizo wa baiti na kuhifadhiwa kwa njia hiyo, sharti klasi yake iwe na alama hiyo. Ikikosekana, Java hukataa. Hatari ni kuwa kosa hilo hujitokeza programu ikiwa tayari inaendeshwa, pengine karani akifunga hesabu za siku.

Mbona basi kila klasi isitiwe alama? Kwa sababu alama ni ruhusa. Nywila iliyomo ndani huweza kuhifadhiwa pamoja na data nyingine, ila mwandishi aizuie kwa neno transient. Isitoshe, klasi zinazorithi hurithi alama pia, wala haziwezi kuikana.

Toleo la Java la 2004 lilileta tanbihi, ambazo huweza kubeba maelezo, mithili ya jina la njia linaloandikwa ubavuni mwa matatu. Lakini mtaalamu Joshua Bloch, katika kitabu Effective Java, anashikilia kuwa kiolesura-alama hakijapitwa na wakati. Hoja yake ni kuwa kiolesura-alama ni aina kamili ya data. Kazi ikiandikwa ipokee aina hiyo pekee, kompaila, inayokagua programu kabla ya kuendeshwa, hukataa kisicho na alama mapema. Serializable ilipoteza faida hiyo, kwani kazi yake ya kuhifadhi hupokea kitu chochote.

Basi alama inapohitaji maelezo, tanbihi inafaa. Inapokuwa kibali cha kuingia, kiolesura-alama ndicho mlinzi bora.