Virusi Vimelala, Mshipa Haujapoa

Mwaka 2005 pikipiki zilianza kupita vijijini kuzunguka Jinja, Uganda, zikipeleka dawa za ARV za kufubaza VVU hadi mlangoni kwa mgonjwa. Ulikuwa utafiti wa TASO, shirika linalowahudumia wenye VVU, na wenzake: je, anayehudumiwa nyumbani hufubaza virusi sawa na anayehudhuria kliniki? Mwaka 2009 jibu likatoka: ni sawa. Mtu wa Bugembe, jirani na Jinja, aliyeanza dawa enzi hizo akiwa na miaka 35 sasa amevuka 50, umri ambao moyo huanza kudai uangalizi.

Na moyo wake una mzigo wa ziada. Wenye VVU hupata maradhi ya moyo na mishipa takriban mara mbili kuliko wengine, na kumeza dawa vizuri hakuiondoi hatari yote.

Chanzo kimojawapo kimo ndani ya ukuta wa ateri. Kwa ndani, ateri imetandikwa safu moja tu ya seli, laini kiasi kwamba damu huteleza. Mwili ukipambana na maambukizi, hutoa kemikali za kuita msaada, na safu ile huanza kunata. Chembe nyeupe hunasa, hupenya ukutani na kukuta kolesteroli iliyokwisha kujipenyeza. Huimeza mpaka zikajaa mafuta kama povu, kisha hufia humohumo. Rundo hukua miaka na miaka. Siku kifuniko chake kikipasuka, damu huganda na njia huziba.

Hata mafua hutosha kuuchochea mchakato huo. Huko Ontario, Kanada, utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba katika siku saba za kwanza baada ya vipimo kuthibitisha mafua ya influenza, shambulio la moyo hutokea mara sita zaidi.

Kwa kuwa maambukizi huchochea hatari hii, wengine walidhani antibiotiki zingetosha kuizuia. Majaribio makubwa yaliyotangazwa 2005 hayakuzuia mashambulio. Lakini mwaka 2023, jaribio la REPRIEVE, lenye washiriki 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, lilionyesha kuwa kidonge cha statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila siku kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35.

ARV zenyewe zisikatizwe: utafiti wa 2006 uligundua kwamba waliozisimamisha walipata matatizo ya moyo zaidi. Basi anayekwenda kuchukua dawa zake anyooshe na mkono apimwe presha, aulizie kolesteroli yake, na kama anavuta sigara, aombe msaada wa kuiacha.