Bomba Likilala Baharini, Tazama Viungo

Mwenye gari la zamani hapa Väsby anaijua kutu. Chumvi ya barabarani inapanda chini ya gari, inatafuta pahali padogo pasipo na rangi, na mwaka mwingine gari linakataliwa kwenye besiktning. Sasa fikiria chuma kinacholala ndani ya maji ya chumvi usiku na mchana, miaka 20 au 30.

Ndivyo lilivyo bomba la gesi la Songo Songo, kule Kilwa. Tangu 2004 gesi inatoka kisiwani, inapita chini ya bahari kilomita 25 hivi mpaka Somanga, kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam. Kwa miaka mingi, ukimpigia shangazi simu ukakuta umeme upo, gesi hiyo ina mkono wake.

Bomba la baharini haliji zima. Vipande vya mita 12 hivi huchomelewa kimoja kimoja juu ya tishari, ile meli bapa ya kazi. Piga hesabu: kilomita 25 ni viungo kama 2,000. Kiwandani kila kipande hupakwa tabaka za kuzuia kutu, lakini ncha huachwa wazi, maana moto wa kuchomelea ungeziunguza. Kwa hiyo kila kiungo kinavalishwa palepale baharini, huku kipande kingine kikisubiri zamu.

Kwanza chuma kinapuliziwa chembe ngumu mpaka king'ae. Kinapashwa moto, kinapakwa epoksi, kisha kinavishwa soksi ya plastiki ambayo ikipata joto inanywea na kubana. Mwisho fundi anapitisha brashi yenye umeme: pakiwa na tundu hata la sindano, cheche inaruka.

Mafuta ya kidole tu yanaweza kufanya soksi isishike vizuri. Maji yakipenya, kutu inaanza kimyakimya. Ndiyo, bomba hufungwa pia vipande vya zinki au alumini viliwe badala yake, lakini viungo vibovu huvimaliza haraka.

Nord Stream ilipolipuliwa 2022, dunia nzima ilisikia. Kutu haina mlio. Basi wazee wakianza kubishana kuhusu gesi ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara, msiulize bei tu. Ulizeni: nani atakagua viungo, na atapewa muda wa kutosha?