Kosa la Zamani Huvuka Mpaka



Vijana wengi wa Matamba hushuka kwa barabara ile yenye kona 57 hata Chimala, na kutoka hapo huenda mbali kutafuta riziki. Wengine hupita Tunduma wakaingia Zambia. Tuseme mmoja wao aliiba huko, akafungwa, akamaliza kifungo, akarudi kwao. Baadaye akashitakiwa kwa wizi mwingine huku kwetu. Je, hakimu wa Tanzania aweza kukihesabu kifungo kile cha ugenini? Wako wasemao kwamba haiwezekani, kwa kuwa kila nchi ina mahakama yake. Wanakosea.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 yaruhusu hukumu iliyotolewa nje ya nchi ithibitishwe mbele ya mahakama. Lakini haitoshi askari kusema, "Huyu twamjua." Yatakiwa mambo mawili. Kwanza, hati ya ofisa wa polisi wa nchi ile, yenye nakala ya hukumu na alama za vidole za mtu aliyehukumiwa. Pili, ushahidi kwamba alama hizo ndizo za mshitakiwa aliyesimama kizimbani.

Kwa nini vidole? Jina hubadilishwa kwa urahisi, na watu wawili huweza kuitwa jina moja. Mistari ya vidole haibadiliki tangu utoto hata uzee. Polisi wa Calcutta, Bara Hindi, walifungua ofisi ya alama hizo mwaka 1897, na polisi wa London wakafuata mwaka 1901. Alama humnasa mwizi aliyebadili jina. Kadhalika humwokoa mtu mwema aliyeshiriki jina na mwizi.

Tena kuna jambo la wakati. Kwa kawaida hakimu haelezwi makosa ya zamani kabla hajaamua kama mshitakiwa ana hatia. Aliyeiba mbuzi mwaka juzi si lazima ndiye aliyeiba ng'ombe jana. Kosa la leo lithibitishwe kwanza kwa ushahidi wake; ndipo mwendesha mashitaka aeleze ya nyuma.

Huenda mtu akauliza: Je, huku si kumwadhibu mtu mara mbili? Sivyo. Deni la kwanza amekwisha kulilipa. Akipotezacho ni ile huruma apewayo mkosaji wa mara ya kwanza. Wala adhabu haiwezi kupita kipimo cha juu kilichowekwa na sheria kwa kosa la leo.

Wenzetu nao wamelifikiri jambo hili. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya mwaka 1994 yaweza kumfunga maisha mtu aliyerudia makosa mazito mara tatu. Hukumu ya jimbo jingine huhesabiwa pia, ila kosa lile lazima liwe na sehemu zote za kosa zito la California. Kufanana kwa jina la kosa hakutoshi.

Basi, ndugu zangu, mkumbuke neno moja. Mshitakiwa akisomewa makosa ya zamani huulizwa kama ayakubali. Akijibu "ndiyo" kwa hofu au kwa kutosikia vema, hapana haja tena ya hati wala vidole. Kwa hiyo asikilize sana. Na kama hukumu ile si yake, aseme wazi palepale, kabla hakimu hajataja miaka ya kifungo.