Kabla CD ya Harusi Haijakwama

Ukunda, Msambweni, hadi bara huko Kinango, bado zipo nyumba zenye CD na DVD kabatini: harusi, maulidi, ngoma ya sengenya, sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki. Wengi wetu huipima CD kwa kuitia kwenye deki. Ikicheza, tunasema ni nzima. Kipimo hicho hakitoshi, na sababu yake iko ndani ya deki yenyewe.

Leza ya CD hutoa mwali usioonekana kwa macho, wa nanomita 780. Unapogusa uso wa diski, mwali huo una upana wa karibu milimita 0.8. Ukishapenya plastiki ya milimita 1.2 huwa umebanwa hadi chini ya mikromita 2, pale vilipo vishimo vilivyobeba sauti. Ndiyo maana vumbi dogo halizimi wimbo: mwanga mwingi hupita kandokando yake. Pasipo na kishimo mwanga hurudi kwa nguvu. Penye kishimo hurudi hafifu. Deki huhesabu kila ukingo wa kishimo kuwa 1, na kwingine kote kuwa 0.

Lakini pwani yetu ina mchanga na hewa ya chumvi, na CD hupita mikono mingi. Mkwaruzo mmoja hufuta maelfu ya alama. Hapa ndipo inapoingia hesabu ya Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, waliyoitangaza mwaka 1960, miaka 22 kabla Philips na Sony hazijaanza kuuza CD. Tuseme umeandika 7 na 5, ukaongeza jumla yao, 12. Hiyo 5 ikifutika, 12 toa 7 itairudisha. Hesabu ya Reed na Solomon ina uwezo zaidi ya huo, kwani hugundua hata ni namba ipi iliyoharibika. Katika CD, kila baiti 24 za muziki hufuatana na baiti 8 za ulinzi.

Hizo pekee zisingeuweza mkwaruzo mrefu, kwa hiyo baiti hutawanywa. Msafara wa harusi ukitoka Msambweni kila ukoo ndani ya matatu yake, gari moja likiharibika ukoo mzima unakosekana. Wakichanganywa, kila ukoo hukosa mmoja au wawili, na jamaa waliofika wanajua nani hayupo. Baiti zilizokuwa jirani kwenye wimbo husambazwa hivyo hivyo kwenye zaidi ya milimita 17 za njia ya diski. Kwa utaratibu huu, pengo la takriban milimita 2.5 hurekebishwa bila msikilizaji kujua. Likizidi, deki hukisia sauti kutoka zile za kando. Likizidi tena, inanyamaza.

Hapo ndipo penye hatari. Marekebisho haya ni kazi ya kimyakimya. Diski yenye makosa machache na diski iliyobakiza kidogo tu kufika kikomo hulia sawasawa, kisha siku moja ile ya pili inakwama. CD zilizochomwa kwenye kompyuta, na za harusi nyingi ni hizo, zimeandikwa juu ya rangi inayodhoofishwa na jua, joto na unyevu.

Ukiifuta CD, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Njia ya alama huzunguka diski, na mkwaruzo unaoifuata hula alama nyingi mfululizo kuliko unaoikata. Usiandike kwa kalamu ngumu upande wa jina, kwa sababu tabaka linaloakisi mwanga limelindwa hapo na vanishi nyembamba tu. Likichubuka, hakuna hesabu ya kulirudisha.

Mwenye sauti ya babu yake kwenye CD asingoje ikwame. Aihamishe mwezi huu, ingali inacheza, na aweke nakala mbili katika nyumba mbili tofauti.