Dawa Inayomzidishia Mdudu Mayai



Huku Maryland, Virginia na D.C. wengi wetu tunalima mpunga bila kukanyaga tope. Shamba liko Mbarali au Ifakara, au Mwea, au Cheju kule Unguja. Analima kaka au shemeji, sisi kazi yetu ni kutuma dola. Na simu inayokuja mara nyingi ni ileile: tuma hela ya dawa, wadudu wamezidi. Unatuma. Haupiti mwezi inakuja nyingine: dawa tumepiga, lakini sasa wadudu ni wengi kuliko mwanzo. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu anasema dawa ilikuwa feki, yule anasema hela imeliwa. Yote mawili hutokea, sikatai. Lakini liko jambo la tatu ambalo katika ugomvi huo halitajwi: dawa halali kabisa, iliyopigwa kweli, inaweza kumfanya mdudu wa mpunga atage mayai mengi kuliko ambayo angetaga kama angeachwa.

Aliyetufundisha hayo ni Nilaparvata lugens, mdudu wa Asia mwenye rangi ya kahawia, urefu wake milimita tatu au nne hivi, anayekaa chini kwenye mashina karibu na maji na kufyonza utomvu. Tumwite Kahawia tu, maana jina la Kilatini linachosha ulimi. Wakizidi, shamba hukauka likawa kama limepitiwa na moto. Kwetu Afrika Mashariki hayupo, lakini naomba mvumilie, kwani homoni na jeni zinazoendesha uzazi wake zina ndugu zao ndani ya wadudu wetu pia.

Kabla ya miaka ya 1960 Kahawia hakuwa mtu wa kutisha kwenye tropiki ya Asia. Mwaka 1966 taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI kule Ufilipino ikatoa mbegu ya IR8, na pamoja na mbegu za namna hiyo zikaja yuria na dawa, vyote vitatu kama kifurushi kimoja. Kufikia miaka ya 1970 Kahawia alikuwa janga. Indonesia walipiga dawa, serikali ikibeba sehemu kubwa ya bei yake, na kadiri walivyopiga ndivyo alivyoongezeka. Mwaka 1984 nchi ile ilitangaza kujitosheleza kwa mchele. Miaka miwili tu baadaye Kahawia alikuwa anautafuna ushindi huo. Novemba 1986 Rais Suharto akatoa amri ya kupiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, na mwaka 1989 ruzuku ya dawa ikafutwa. Watu wa viwanda walitabiri njaa. Njaa haikuja, mavuno yakaendelea kupanda.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu ya kwanza ya jibu wengi mnaijua. Rachel Carson, aliyekuwa mkazi wa hapa Silver Spring, aliieleza katika Silent Spring mwaka 1962, akitoa mfano wa utitiri uliofumuka kwenye misitu ya magharibi baada ya kunyunyizwa DDT. Dawa huua kwanza maadui wa mdudu. Kwenye mpunga maadui hao ni buibui na kunguni wadogo wanaofyonza mayai ya Kahawia, na Peter Kenmore alionyesha kule Ufilipino kwamba ukiwaondoa hao, Kahawia hulipuka. Hilo ni kweli, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Ila halitoshi. Mwaka 1980 Chelliah na Heinrichs wa IRRI walionyesha kwamba hata katika majaribio ya kufugia wadudu, ambako hakuna buibui wa kuuawa, Kahawia waliokula mpunga uliopigwa deltamethrin, methyl parathion au diazinon walikula zaidi na wakazaa zaidi. Maana yake ni kwamba dawa ilikuwa imeingia ndani ya mwili wa mdudu ikagusa uzazi wenyewe.

Sasa hapa lazima tuzungumzie homoni ya uchanga. Nyuma ya ubongo wa mdudu kuna tezi ndogo sana zinazotoa homoni hii. Akiwa tunutu, homoni inamzuia asikomae. Akishakuwa mtu mzima, homoni ileile inageuka kuwa ya uzazi: inaiamuru tishu ya mafuta itengeneze protini ya kiini cha yai, iitwayo vitelojenini, inayosafirishwa kwenye damu hadi kwenye ovari. Homoni nyingi kwa mtoto, hakui. Homoni nyingi kwa mama, mayai yanajaa.

Kisa cha homoni hii kimepita hapahapa jirani. Katikati ya miaka ya 1960 Karel Sláma alitoka Prague na kunguni wake akaenda nao Harvard kwa Carroll Williams, na kule kunguni wakagoma kukua. Walibaki watoto wakubwa, wakafa bila kuzaa. Ikagunduliwa kwamba kosa lilikuwa la karatasi iliyotandikwa kwenye vyombo vyao. Gazeti la New York Times liliwazuia kukomaa, la Times la London halikuwafanya kitu! Karatasi ya Marekani ilitoka kwenye mti wa msonobari wenye kemikali inayofanana na homoni ile, na mwaka 1966 William Bowers na wenzake wa kituo cha Wizara ya Kilimo cha Beltsville, dakika chache tu kutoka College Park, wakaitambua kemikali yenyewe wakaiita juvabione. (Kituo hicho wizara ilitangaza mwezi Julai 2025 kwamba inapanga kukihama. Tuliache.)

Na kabla hatujadhani kwamba haya ni ya Wazungu peke yao: Thomas Odhiambo wa Kenya, mwanafunzi wa Wigglesworth kule Cambridge, katika miaka hiyohiyo ya 1960 alikuwa akichunguza tezi hizo hizo kwa dume la nzige wa jangwani, pamoja na tezi za ziada za uzazi wa dume. Mwaka 1970 akaanzisha ICIPE Nairobi. Kumbukeni hizo tezi za dume, tunazihitaji sasa hivi.

Wachina ndio walioichimba habari ya Kahawia mpaka kwenye jeni, hasa kundi la Wu Jincai wa Chuo Kikuu cha Yangzhou. Walikuta kwamba dozi isiyoua ya triazophos au deltamethrin inaongeza mayai. Si kwa jike aliyeguswa na dawa peke yake: dume aliyeguswa na triazophos hutengeneza protini nyingi zaidi kwenye zile tezi zake za ziada, humpa jike wakati wa kupandana, na jike ambaye hakuguswa kabisa hutaga zaidi. Halafu wakakuta jambo la ajabu zaidi. Jinggangmycin si dawa ya wadudu hata kidogo, ni dawa ya ukungu wa mpunga. Lakini kwa Kahawia inaamsha jeni ya kutengeneza mafuta mwilini, na mayai yanaongezeka. Kwa binamu yake mdogo, Laodelphax striatellus, dawa hiyohiyo inapunguza mayai. Mkulima atajuaje? Kwenye chupa hayajaandikwa hayo.

Yuria nayo imo. Mpunga ulionona kwa nitrojeni ni chakula cha uzazi kwa Kahawia. Anaishi zaidi na kutaga zaidi. Kwa hiyo yule anayemwaga yuria yote kwa mkupuo halafu anapiga dawa ya wadudu, anamlisha mgeni na kumfukuza kwa wakati mmoja.

Na mdudu mwenyewe anajua kupanga uzazi. Kahawia ana maumbo mawili: wenye mabawa marefu, wasafiri wanaobebwa na upepo hadi Japani, na wenye mabawa mafupi, wasioruka lakini wanaowahi kutaga na kutaga kwa wingi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walionyesha kwamba swichi ya mabawa hayo ni jeni mbili za vipokezi vya insulini, kimoja kikivuta kwenye bawa refu na kingine kikizuia. Naam, insulini, ndugu wa ile ya wagonjwa wa kisukari.

Mpunga pia una jeni zake. IR26 ya mwaka 1973 ilikuwa na jeni ya ukinzani iitwayo Bph1. Kwenye mpunga wa namna hiyo Kahawia hafi palepale. Anafyonza kidogo, ovari hazijai, mayai yanakuwa machache. Ulikuwa mpango mzuri, lakini kwa miaka kama mitatu hivi wakatokea Kahawia wanaokula na kuzaa juu yake bila shida. Mdudu anayepata vizazi kadhaa kwa msimu mmoja hashindwi na jeni moja.

Turudi nyumbani. Adui zetu ni bungua wa shina, yule nzi mwenye macho kwenye vikonyo, nzi wa vinundu, na mbawakawa wanaoeneza virusi vya kimyanga, ugonjwa ulioonekana mara ya kwanza Otonglo karibu na Kisumu mwaka 1966. Sidai kwamba hawa wote wanaitikia dawa kama Kahawia. Ninachosema ni kwamba funza wa bungua yuko ndani ya shina na wa nzi wa vinundu yuko ndani ya chipukizi, kwa hiyo dawa ya juujuu inamfikia kidogo tu au haimfikii, wakati inawaua vizuri kabisa nyigu wadogo kama Platygaster wanaotaga ndani ya adui huyo. Tena kuna hili la kwetu sisi: ukituma nusu ya hela, usishangae ikapigwa nusu ya dozi. Na nusu ya dozi ndiyo hiyohiyo dozi isiyoua.

Kule Vietnam, mkoa wa Long An, mwaka 1994 waliendesha kampeni kwa michezo ya redio: usipige dawa ya wadudu siku 40 za mwanzo, majani yaliyoliwa mpunga utayarudisha wenyewe. Upigaji dawa ulishuka kwa takriban nusu, na wakulima hawakupoteza mavuno. Basi shemeji akipiga simu, kabla ya kwenda kutuma hela muulize: mpunga una siku ngapi? Mdudu ni yupi hasa, umemwona au umeona majani tu? Yuria umeweka lini na mifuko mingapi? Buibui bado wapo? Akikujibu kwamba mpunga una wiki tatu na buibui wamejaa, mtumie hela ya palizi.